Miaka tisa mbele ya alama ya dola

Radi imetusumbua sana Kisumu mwezi huu. Juzi stima ilipotea saa tatu usiku, ikarudi alfajiri mvua ikiwa bado inapiga mabati, nikaamka kwenda kuangalia friji. Nimesimama pale jikoni, nikaona kidole cha shahada cha mkono wangu wa kulia kimegonga ukingo wa meza mara moja, kikatulia. Kilikuwa kinatafuta herufi y.

Kazi ya ofisi niliiacha zamani, lakini stima ikirudi ghafla kidole hicho bado kinataka kujibu swali. Swali lenyewe lilikuja kwa Kiingereza kwenye skrini, na maana yake ilikuwa: mashine haikuzimwa vizuri, mafaili yanahitaji kusafishwa, tuendelee? Nimelijibu mara nyingi kuliko nilivyojibu salamu za mashemeji. Wasomaji wangu mmezoea nikiandika habari za bustani na za mgongo wangu. Leo nivumilieni, niandike habari za mashine iliyokuwa ikiniuliza hivyo.

Niliajiriwa mwaka 1989, karani wa hesabu, kampuni moja yenye maghala upande wa bandari. Ofisini mlikuwa na sanduku moja la kompyuta chini ya meza ya mhasibu, limefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Kutoka kwenye sanduku hilo nyaya zilitambaa ukutani hadi kwenye skrini nane za maandishi ya kijani, kila moja na kibodi yake. Skrini hizo hazikuwa kompyuta. Hazikuwa na diski wala akili. Zilipeleka herufi unayobonyeza na kuonyesha herufi zinazorudi, basi. Akili yote ilikuwa ndani ya sanduku: prosesa ya Intel 386 na kumbukumbu ya megabaiti 4, tukigawana watu wanane. Simu ninayoandikia haya ina zaidi ya mara elfu ya hiyo kumbukumbu, na bado inaganda nikifungua picha za harusi.

Sisi tuliita "sistimu". Sistimu iko? Sistimu imelala. Ilipowaka iliandika neno XENIX, na kwa miaka saba nilidhani hilo ni jina la kiwanda kilichotengeneza sanduku, kama vile Sanyo au Philips.

Sasa lile swali. Mashine za aina hii zina tabia ya mwenye kioski anayeuza kwa mkopo. Ukichukua sukari, haandiki kwenye daftari papo hapo. Anaweka kichwani, na baada ya muda mfupi anakaa chini anaandika yote pamoja. Kazi inakwenda haraka. Lakini mwenye kioski akizimia kabla hajaandika, daftari na rafu za duka zinakuwa hazipatani. Sistimu yetu ilifanya vivyo hivyo: ulichoandika kilikaa kwanza kwenye kumbukumbu, kisha kila nusu dakika hivi kikateremshwa kwenye diski. Stima ikikatika katikati ya hapo, diski inabaki na daftari lililoandikwa nusu. Ndiyo maana ikiwaka inauliza. Unabonyeza y, inapita diski nzima kwa hatua tano, inalinganisha kila faili na orodha, na kipande kisichojulikana ni cha nani inakipa namba, inakiweka kwenye folda inayoitwa lost+found. Vilivyopotea na kupatikana. Nililiona jina hilo kila mara likipita kwenye skrini. Nilipojaribu kuifungua folda hiyo, sistimu ilinijibu kwamba sina ruhusa.

Ruhusa alikuwa nayo mtu mmoja tu, fundi aliyekuwa akija kutoka Nairobi. Tulimwita Daktari kwa sababu ya begi lake. Sisi makarani, kila tukiingia, mashine ilituwekea alama ya dola mwanzoni mwa mstari, $, maana yake wewe ni mtumiaji wa kawaida. Yeye akiingia iliweka alama ya reli, #, maana yake huyu ni root, mwenye nyumba, afanye apendavyo. Kabla ya kuandika neno la siri aliniambia kwa upole, "Dada, hebu tazama dirishani kidogo." Nami nilitazama dirishani. Nimelitazama ziwa sana kwa ajili ya lile neno la siri. Diski ikijaa, tunamsubiri yeye. Karani akisahau neno lake, tunamsubiri yeye, siku tatu, nauli na hoteli juu ya kampuni. Mara moja alikuja, akakaa kwenye kiti dakika sita, nilihesabu kwa saa ya ukutani, akaenda zake kula samaki.

Aprili 1993 nilikuwa nikiingiza ovataimu za vibarua wa ghala, majina mengi, jioni kabla ya siku ya malipo. Wingu likaja kutoka upande wa milima ya Nandi, radi ikapiga, giza. Stima iliporudi nikabonyeza y kama kawaida, hatua tano zikapita, na orodha haikuwepo. Karatasi za msimamizi nilikuwa nimeshazirudisha ghalani, na huko zilikuwa zimeshapotea. Vibarua walilipwa kwa kukadiria, wakalalamika, na mimi nikaandikiwa barua ya onyo: uzembe. Barua hiyo ninayo mpaka leo.

Mpwa wangu ndiye aliyenifungua macho, mwaka 1996. Alikuwa anasoma chuo Nairobi, akaja likizo, nikamhadithia habari za sistimu na alama ya dola. Akanitazama kama mtu aliyesikia kwamba mama yake mdogo anafuga twiga.

"Mama mdogo, hiyo mnayotumia kazini ni Unix."

"Unix ni nani?"

Nikamtilia chai, akaanza. Mengine niliyasoma mwenyewe baadaye, kwenye saiba za Oginga Odinga Street, nikilipia dakika.

Unix ni mfumo, yaani programu mama inayoendesha kompyuta na kuzisimamia programu nyingine zote. Ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko New Jersey, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, kwenye mashine ya PDP-7 iliyokuwa imekaa bila kazi nyingi. Maabara hiyo ilikuwa ya kampuni ya simu, AT&T, ambayo tangu makubaliano yake na serikali ya Marekani ya mwaka 1956 haikuruhusiwa kufanya biashara nje ya simu. Basi Unix haikuwa bidhaa ya dukani. Vyuo vikuu vilipewa kanda kwa ada ndogo pamoja na msimbo wote, yaani maandishi yenyewe ya programu, wanafunzi wakaufungua na kuuchokora. Kompyuta zilizoiendesha zilikuwa za ukubwa wa kabati la nguo. Mtu wa kawaida hakuwa nayo, kama vile mtu wa kawaida hana gari moshi.

Aliyeileta kwenye kompyuta ndogo kabla ya wengi, na hapa nilimwambia mpwa wangu aache mzaha, ni Microsoft. Hao hao wa Windows. Walichukua leseni kwa AT&T, na Agosti 1980, mwaka mzima kabla kompyuta ya kwanza ya IBM PC haijatoka, wakatangaza Xenix. Jina Unix AT&T ilibaki nalo, kwa hiyo wakabuni la kwao. Hawakuiuza moja kwa moja kwa watu kama sisi. Waliwapa watengenezaji wa mashine, na kampuni moja ya California, Santa Cruz Operation, ikafanya kazi ngumu ya kuibana iingie kwenye IBM PC XT mwaka 1983. XT ilikuwa na diski kuu ya megabaiti 10. Kumi! Wimbo mmoja au miwili ya siku hizi, na hapo ndani Unix ilipaswa kukaa na mafaili ya ofisi nzima.

Tatizo la XT lilikuwa prosesa yake, Intel 8088, isiyojua kuweka kuta. Fikiria ploti ya vyumba kumi kule Nyalenda ambayo fundi ameweka paa na milango ya nje lakini hajajenga kuta za ndani. Wapangaji wakiwa na adabu, mnaishi. Mmoja akilewa usiku akatembea ovyo, anakanyaga sufuria za wote. Programu moja yenye kosa ingeweza kuandika juu ya kumbukumbu ya programu nyingine, hata juu ya sistimu yenyewe, mashine nzima ikalala. Unix ilibuniwa iwe nyumba ya watu wengi, na hapa imepewa kiwanja kisicho na kuta. Kuta zilianza na 80286 ya mwaka 1982, Intel ilipotoa 80386 mwaka 1985 zikawa imara zaidi, na mwaka 1987 Xenix ya 386 ikatoka. Ndipo nilipoelewa kwa nini pale ofisini programu ya karani wa mishahara ikianguka, sisi saba tuliendelea kuandika kama hakuna lililotokea, huku yeye peke yake akilaani.

Tena nilielewa kwa nini mkurugenzi aliichagua, mtu ambaye hakujua hata kuwasha skrini. Kompyuta ya DOS, ule mfumo mwingine wa Microsoft, ilihudumia mtu mmoja. Hii ilihudumia wanane kwa sanduku moja. Alikuwa anapiga hesabu ya viti.

Microsoft wenyewe walichoka nayo. AT&T ilipovunjwa mwaka 1984 ikapata uhuru wa kuuza Unix yake, na Microsoft hawakutaka kushindana na mwenye mali; mwaka 1987 Xenix ikahamia Santa Cruz, Microsoft wakabaki na hisa huko. Lakini barua pepe zao za ndani waliendelea kuziendesha kwa Xenix hadi miaka ya 1990. Wanauza DOS mlangoni, jikoni wanapikia Unix. Sioni ubaya, hata mwenye hoteli hali chapati zake kila siku.

Katika yote niliyosoma, kisa ninachokipenda zaidi ni cha Coherent. Chicago kulikuwa na kampuni ndogo, Mark Williams, iliyokuwa zamani ya kemikali. Mtoto wa mwenyewe, Robert Swartz, akaigeuza ya programu. (Huyu ndiye baba yake Aaron Swartz, yule kijana mwanaharakati wa intaneti ambaye wengi mmesikia habari zake.) Wakaandika mfumo unaofanana na Unix kwa kila hali, bila kutumia msimbo wa AT&T, na mwaka 1983 wakautoa kwa IBM PC. AT&T hawakuamini. Vijana wachache wa Chicago waandike Unix nzima kutoka mwanzo? Wakamtuma Dennis Ritchie mwenyewe akakague kama wameiba.

Ritchie alifanya kama mwalimu yeyote wa Kenya anayesahihisha mtihani. Majibu sahihi yakifanana si ushahidi, jibu sahihi ni moja. Yeye alitafuta makosa. Alijua vituko vya Unix ambavyo haviko kwenye kitabu chochote cha maelezo, vitu ambavyo ungevipata tu kwa kunakili, akavitafuta ndani ya Coherent. Hakuviona. Baadaye alisimulia kwamba pengine watu hao walijifunzia wakiwa na msimbo wa AT&T karibu, lakini kazi ya kuandika upya waliifanya kweli. AT&T wakawaachia. Coherent iliishi, mwanzo wa miaka ya 1990 ikauzwa chini ya dola 100, na kampuni ikafunga mwaka 1995. Mimi nikikumbuka jinsi barua yangu ya onyo ilivyoandikwa bila mtu kuja hata kutazama diski, namheshimu Ritchie kwa safari hiyo kuliko kwa C, lugha ya kuandikia programu aliyoibuni.

Kisha kuna profesa wa Amsterdam, Andrew Tanenbaum. Toleo la saba la Unix lilipotoka mwaka 1979, AT&T waliweka sharti kwenye leseni: msimbo usifundishwe darasani. Ulikuwa ukifundishwa, sasa kabati limefungwa. Tanenbaum akakaa nyumbani jioni kwa jioni akaandika wa kwake, Minix, akautoa mwaka 1987 pamoja na kitabu. Mistari elfu kumi na mbili hivi ya C, mingi yake imechapwa nyuma ya kitabu hicho uisome kwa kalamu mkononi. Ilikwenda kwenye IBM PC ya kawaida, hata isiyo na diski kuu, kwa disketi tu. Watu kote duniani wakaanza kumtumia nyongeza: weka hiki, ongeza kile. Alikataa nyingi. Alitaka mwanafunzi aweze kuimaliza katika muhula mmoja. Wengi wanamcheka kwa hilo. Mimi nimefundisha vijana kutumia kompyuta kanisani kwetu kwa miaka, na namwelewa kabisa: ukikubali kila nyongeza, darasa linakwisha.

Mmoja wa walionunua Minix alikuwa kijana wa chuo kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds. Januari 1991 alinunua kompyuta ya 386 yenye megabaiti 4, bei ya kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Soma tena hapo: 386, megabaiti 4. Ni sanduku letu lile lile la chini ya meza. Alichokuwa anataka ni kupiga simu kwa modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, hadi kwenye kompyuta ya chuo, na programu ya Minix ya kazi hiyo haikumridhisha. Akaandika yake, isiyoegemea mfumo wowote, mashine inawaka kwa disketi na kuingia humo moja kwa moja. Ilikuwa na kazi mbili zinazopokezana: moja inasoma kibodi na kupeleka kwa modemu, nyingine inasoma modemu na kupeleka kwenye skrini. Jaribio lake la kwanza la kupokezana lilikuwa kazi moja iandike A, nyingine iandike B. AAAA, BBBB, AAAA, BBBB. Ukiangalia vizuri, alikuwa anaunda mojawapo ya zile skrini zetu za kijani. Kisha akataka kuhifadhi alichopakua, ikabidi aandike namna ya kusoma diski, kisha mafaili, na kufumba na kufumbua kitu kikawa mfumo mzima.

Na kuna siku alikosea. Alitaka kupiga simu kwa modemu, akaielekezea programu yake kwenye diski kuu. Zile amri za kupiga namba zikaandikwa juu ya Minix yake, sehemu muhimu kabisa, Minix ikafa. Angeweza kuiweka upya. Akaona kile alichokuwa anaandika kimekaribia kujitegemea, akaendelea na hicho. Nilipomsomea mama yangu kisa hiki kwa Kijaluo, alisema huyo kijana angekuwa anafanya kazi kwetu angeandikiwa barua.

Agosti 25, 1991 aliwaandikia watumiaji wa Minix kwamba anatengeneza mfumo huru, kwa kujifurahisha tu, hautakuwa mkubwa. Mwezi wa tisa toleo 0.01 likawekwa kwenye kompyuta moja ya Finland. Yeye alitaka uitwe Freax, msimamizi wa kompyuta ile, Ari Lemmke, hakulipenda jina, akafungua folda akaiita linux. Vyombo vilikuwa tayari: tangu 1983 Richard Stallman alikuwa ametangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo huru unaofanana na Unix, na watu wake walikuwa wameshaandika kikusanyi cha C, programu za amri, sufuria, mwiko, visu, kila kitu isipokuwa jiko lenyewe. Linus alileta jiko. Leseni yake ya kwanza ilikataza mtu kutoza hata senti. Mwanzoni mwa 1992 akaibadilisha kuwa ile ya GNU, na ndipo mtu akaweza kukuuzia disketi bila kuvunja sharti. Januari hiyo hiyo Tanenbaum alimwambia hadharani kwamba muundo wa Linux umepitwa na wakati. Wakabishana kwa maandishi, mwalimu na mwanafunzi asiye wa chuo chake. Linus alikuwa na miaka 22.

Jamaa wa chuo kikuu cha Berkeley, California, nao walikuwa na Unix yao ya 386, iliyotolewa na mume na mke, Bill na Lynne Jolitz, mwaka 1992. Linus amewahi kusema kwamba kama ingekuwepo alipoanza, huenda asingeandika Linux. Lakini upande wa Berkeley uliingia mahakamani na warithi wa Unix ya AT&T, na hadi kesi ilipomalizwa mwaka 1994, wengi walikuwa wameshahamia kwingine. Mambo ya shamba yakifika kortini, jirani ndiye anayelima.

Basi Desemba ile ya 1996 mpwa wangu alirudi na sanduku la viatu la Bata limejaa disketi. Slackware, yaani Linux iliyofungashwa pamoja na programu zake. Ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1993 ilikuwa disketi 24. Hizi zilikuwa zaidi, kila moja ina herufi na namba kwa kalamu ya bluu. Mimi nilikuwa nimenunua kompyuta ya 486 ya mtumba kwa mwalimu mmoja, naye nikimlipa kidogo kidogo. Tukaiweka sebuleni Migosi, feni ikiipuliza kompyuta badala yetu. Disketi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila moja dakika kadhaa za krr, krr. Tulifika ya kumi na tisa, ikasoma, ikasita, ikaanza kugonga ndani kama kuku anayedonoa bati. Mbovu. Tulijaribu mara nne. Ikabidi arudi Nairobi baada ya Krismasi, aandike nyingine, aitume na basi la usiku ndani ya bahasha niliyokwenda kuipokea stendi saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa nimevaa nguo za kazi.

Jioni hiyo nilimaliza peke yangu. Skrini ikaandika: darkstar login:. Alikuwa ameniachia karatasi inayosema niandike root, nibonyeze, haitauliza kitu. Niliandika. Haikuuliza. Ikaja alama ya reli.

Sisi watu wa Kisumu ni watoto wa reli, mji wenyewe umezaliwa na garimoshi lililofika hapa mwaka 1901, lakini ile reli ndogo yenye mistari minne ilinifanya nikae mkono mdomoni. Niligeuka hata kutazama dirishani, kwa mazoea. Kisha nikaandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili. Ikajibu. who, nani yumo. Ikajibu, niko mimi peke yangu. df, ps, kill, cat, amri zote nilizozitumia ofisini tangu 1989, ziko. lpstat ikakataa, na hiyo ilinikera mpaka nilipojua kwamba hapa foleni ya printa inaulizwa kwa lpq: Xenix yetu ilifuata ukoo wa AT&T, printa ya Slackware ilifuata ukoo wa Berkeley. Kama vile Mjaluo wa Siaya na wa Kendu Bay, mnaelewana, mpaka mfike kwenye neno fulani.

Mwaka 1998 kampuni, kwa hofu kwamba kompyuta za zamani zingekosea tarehe mwaka 2000 ukiingia, ilileta mashine za Windows. Skrini za kijani zilirundikwa stoo na sanduku likauzwa kwa wafanyakazi. Hakuna aliyelitaka. Nililipa shilingi mia nane, nikapewa na katoni yake: vitabu vya maelezo ambavyo havijawahi kufunguliwa, na disketi zote za awali za Xenix kwenye mifuko yake. Nilibeba kwa mkokoteni hadi stendi ya matatu, makanga akanitoza abiria wawili.

Mpwa wangu alikuja Pasaka. Tukaliwasha kwa disketi, si kwa diski yake, tukakatiza maswali kabla hayajagusa chochote, kisha tukaifungua diski kuu kwa mlango wa nyuma. Faili tuliyoitaka ni /etc/passwd, inayotunza majina ya watumiaji na maneno yao ya siri. Mstari wa kwanza: root, nukta mbili, herufi kumi na tatu zisizosomeka, nukta mbili. Zile herufi ndilo neno la siri la Daktari, limesagwa. Halisomeki hata ukiwa nalo mkononi, lakini linafutika. Nikafuta herufi moja moja, zikabaki nukta mbili mbili zimegusana. Tukahifadhi. Tukazima vizuri, safari hii kwa utaratibu wote.

Ilipowaka ikataka neno la siri la root. Nikabonyeza Enter. Reli.

Mpwa wangu alitaka tuone michezo kama ipo. Nikamwambia ngoja. Nikaandika cd /lost+found, kisha ls -l. Skrini ikajaa namba, faili bila majina, tarehe za miaka tisa ya radi. Nilizipita moja moja kwa cat, amri ya kuonyesha kilichomo. Nyingi zilikuwa takataka, vipande vya ripoti, nusu ya ankara. Kisha ikaja yenye tarehe ya Aprili 1993. Majina yapo, kila jina na saa zake za ovataimu, kama nilivyoyaandika, mistari arobaini na mmoja. Mstari wa mwisho ulikuwa na herufi nne, Odhi, kisha hakuna kitu.

Sanduku lilikuja bila printa. Nikachukua daftari la maziwa na kalamu, nikaanza kunakili.